Nivalda na Mkanda Uliokataa Kuoza

Saa mbili na nusu asubuhi mvua imekatika kidogo, na Nivalda Bonfim dos Anjos amelala chali juu ya turubai katikati ya shamba la kakao. Amenyoosha miguu, darubini iko machoni. Dakika arobaini zimepita hajatamka neno. Sisimizi wawili wanapanda kiwiko chake, naye anawaacha wapite.

Wavunaji wanapita na vikapu migongoni. Mmoja anasimama.

“Dona Nivalda, kazi imekulaza?”

“Pita zako,” anajibu bila kushusha darubini. “Kazi yako iko chini, yangu iko juu. Usinichafulie kimya.”

“Jamani, mvivu anamtafuta mvivu!”

Wenzake wanaangua kicheko na kupotelea kwenye migomba.

Mzaha huo ameusikia kwa miaka saba, na kusema kweli haumkeri tena. Hapa kusini mwa Bahia mvivu ndilo jina la mnyama mwenyewe: yule slothi mwenye kucha tatu ndefu, anayening’inia mtini akitafuna majani na asiyekuwa na haraka hata dunia ikigeuka. Wa huku ana manyoya marefu meusi yanayoanzia shingoni na kumwagika mabegani. Hapatikani popote pengine ila kwenye misitu hii ya pwani ya Brazili, na misitu yenyewe imebaki viraka.

Lakini Nivalda, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, hatafuti mvivu yeyote tu. Anamtafuta mmoja. Kwenye daftari za watafiti jike huyo anaitwa Namba Tisa, na chini ya manyoya yake amevaa mkanda wa ngozi ambao Nivalda alimfunga miaka minne iliyopita. Mkanda ulipaswa kuanguka wenyewe. Haukuanguka, na kosa ni la Nivalda.

“Alikuwa msichana,” anasema. “Kilo tano na robo, bado anakua. Mimi nimemfunga mkanda wa usichana, na sasa ni mtu mzima. Unaelewa maana yake? Mimi naielewa kila nikifunga kifungo cha juu cha shati.”

Ghafla anainuka na kuonyesha kwa kidevu. Juu ya mti wa gameleira, mita kumi na tano kutoka ardhini, kuna kitu ambacho mwandishi wa makala haya alikiona kuwa kichuguu tu. Kichuguu kinajikuna.

Nivalda anajifunga mshipi wa kupandia, anarusha kamba, anapanda. Ana mwili mnene na goti moja bovu, lakini mtini hana goti bovu. Anamwendea mnyama kwa nyuma, anapenyeza vidole chini ya manyoya meusi na kuzungusha shingo nzima. Mvivu anageuza kichwa polepole na kumtazama kama mpangaji aliyegongewa mlango siku ya mapumziko.

“Si yeye,” sauti inashuka kutoka juu.

Kabla ya kuteremka anakata kishungi kidogo cha manyoya begani mwa mnyama, ili asije akampandia tena bure. Huyo ni wa thelathini na tano katika miaka miwili. Ukiwa chini huwezi kujua nani amevaa mkanda na nani hajavaa, kwa sababu manyoya yanafunika kila kitu. Inabidi kupanda, na kugusa.

Akifika chini, anakunja turubai bila kuangalia mtu. Mara zote thelathini na tano, anasema, alipokuwa akipanda alikuwa na hakika ni yeye.

Miaka saba nyuma Nivalda alikuwa akipogoa miti ya kivuli kwenye mashamba ya kakao, kazi ambayo wanaume wengi huikimbia wakishapata watoto. Ndipo akaja mtafiti, Dokta Heloísa Prates, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, akiuliza kijijini Ribeirão das Cotias nani anaweza kumpandia miti mirefu. Vijana watatu walijitolea. Nivalda alipanda kabla hawajamaliza kupatana bei, na alipanda na sketi.

Mradi ulimwajiri kwa reali elfu moja na mia nane kwa mwezi, mshahara ambao hajaupata kabla wala baada ya hapo. Kazi ilikuwa kukamata wanyama, kuwapima, kuwafunga mikanda yenye kifaa cha kutuma mawimbi, kisha kukaa chini ya mti na kuandika kila baada ya dakika kumi na tano mnyama anafanya nini.

“Unaandika: amelala. Amelala. Amelala. Amejikuna. Hapo unasikia raha kama umefunga goli,” anacheka. “Na mara moja kwa wiki anashuka chini kujisaidia. Sisi tunamsubiri kama gavana. Dokta anakimbilia kopo, mimi nakimbilia mizani. Watu wakituona walisema tumerogwa.”

Huenda walisema kweli. Nivalda akianza kusimulia siku zile, sauti yake inabadilika, na mikono inashika kitu ambacho hakipo: antena. Anaonyesha alivyokuwa akiiinua juu ya kichwa na kuizungusha pole pole mpaka mlio uje.

“Pi. Pi. Pi. Unajua kwamba pale, nyuma ya kilima, yuko. Humwoni, lakini yuko. Mimi mume wangu aliondoka, watoto sikujaliwa. Ile sauti ilinifanya niamke mapema. Niliimba njia nzima kwenda kazini, muulize yeyote. Sikuwahi kuwa na furaha namna ile, na sioni aibu kusema kwamba naitamani mpaka leo.”

Sasa tufike kwenye kosa, maana mwenyewe halikwepi.

Mikanda ya mradi ilikuwa na kiungo kimoja cha uzi wa pamba, kwenye kisogo. Pamba huoza, kiungo hukatika, mkanda huanguka na mnyama hubaki huru bila kukamatwa tena. Hesabu zilifanywa maabara, katika mji mkavu, na zilisema uzi utadumu mwaka mmoja na nusu. Mvua za huku hazikusoma hesabu hizo. Miezi mitatu, minne, mikanda ikaanza kuokotwa kwenye majani makavu. Mwaka wa kwanza pekee ilianguka minane.

“Dokta aliiokota, akaifuta matope kwa shati lake, hasemi kitu,” Nivalda anakumbuka. “Mimi ndiye niliyesikia aibu. Hapa kwetu kitu ulichofunga kikifunguka, umefunga vibaya. Basi. Nani amewahi kufunga kamba ili ikatike?”

Katika nyumba aliyokulia, hakuna. Mama yake, Dona Crispina, ana miaka sabini na tisa na bado anafunga mafagio ya piasava barazani. Piasava ni nyuzi za kahawia za mti wa jamii ya mnazi, ngumu kama mishipa ya ng’ombe, na zamani mabaharia walizisukia kamba za nanga kwa sababu maji ya chumvi hayaziwezi. Fagio likirudishwa na mteja kwamba limelegea, Dona Crispina hali chakula cha mchana.

Kwa hiyo siku moja ya Agosti, mkanda ulioandaliwa kwa ajili ya mnyama wa tisa ulilala nyumbani kwa Nivalda. Alifumua uzi wa pamba. Akachagua nyuzi tatu nyembamba za piasava, akazilainisha kwa maji ya moto, akazisokota, akazipaka nta ya nyuki. Mama yake ndiye aliyekaza fundo.

“Sikumwambia dokta. Nilitaka aone mwenyewe kwamba hauanguki.”

Haukuanguka. Wanyama wengine walipotea mmoja mmoja, ila Namba Tisa aliendelea kulia kwenye redio mwezi baada ya mwezi, kwa miezi ishirini na mbili. Kupitia kwake watafiti walijua mvivu mmoja anatumia miti arobaini na mitatu katika eneo dogo la kakao; kwamba hula majani machanga ya aina chache tu; kwamba akikuta mwanya kati ya mti na mti hana njia ila kushuka na kutambaa chini, na huko chini mbwa wanamsubiri. Dokta Heloísa akaandika kwamba wakulima wasipoacha miti ya kivuli ikagusana matawi, mnyama huyu atakwisha. Maandishi hayo yalisomwa mbali. Jina la Nivalda limo, mstari wa mwisho, kwenye shukrani.

Fedha za mradi zilipokwisha, siku ya kuagana dokta alisema mbele ya watu wote kwamba hajapata kufanya kazi na mikono kama ile. Kisha akasema mikanda iliyobaki isiwape watu wasiwasi, itaoza na kuanguka yenyewe.

“Nilimmiminia kahawa, nikanyamaza,” anasema Nivalda. “Mtu amekusifu mbele za watu, utaanzia wapi?”

Wiki tatu baadaye alirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu. Aliufuta mara tano, wa sita akautuma. Jibu lilikuja siku ile ile, maneno machache: “Nivalda, lazima umpate.” Mtambo wa kunasa mawimbi, ambao ulikuwa umesharudishwa chuoni, ulitumwa kwa basi na ukachukua siku arobaini kufika. Nivalda aliubeba mpaka juu ya kilima, akainua antena, akawasha.

“Shhh. Kama mafuta kwenye kikaango. Nilizunguka mpaka nikaona kizunguzungu. Betri ilikuwa imekufa.”

Kibaya zaidi, siku hizo hizo warithi wa shamba alikoishi Namba Tisa waliuza mbao. Miti mikubwa kumi na tisa ilikuwa chini. Eneo lake lilikuwa limefunguka kama paa lililong’olewa, naye hakuwepo.

Tangu hapo Nivalda amekuwa akitafuta kwa macho, bila mshahara, siku tatu kwa wiki. Siku zinazobaki anafunga mafagio na mama yake. Fagio moja linauzwa reali kumi na mbili, na wiki nzuri ni mafagio thelathini. Dokta Heloísa, ambaye sasa anafundisha mji wa mbali kusini, amemwombea kibali cha kugusa wanyama hawa. Kibali kinaisha tarehe thelathini ya Juni hii. Hakitaongezwa, maana mradi haupo.

Juni tarehe kumi na tisa, siku mwandishi alipofika, baada ya mti ule wa asubuhi mashamba yote ya upande huu wa kijito yalikuwa yameshapekuliwa. Lilibaki moja, ng’ambo. Na la ng’ambo, Nivalda alikuwa ameapa hatalikanyaga.

Msimamizi wa shamba hilo ni shemeji yake. Kwa makubaliano, jina la shamba halitatajwa humu, na yeye tutamwita Adelmo, jina ambalo si lake. Kaka yake, Joselito, ambaye nyumbani huitwa Lito, alimwoa Nivalda, kisha akaenda São Paulo kutafuta kazi ya miezi mitatu. Hiyo ni miaka kumi na minne iliyopita. Ndugu zake walijua mapema kwamba ameanzisha nyumba nyingine huko, wakanyamaza. Nivalda alipojua, alisema uani kwao hatatia mguu tena, na mtu wa Ribeirão das Cotias akisema hivyo mbele ya kanisa, anashikiliwa na neno lake.

Mara mbili alimtumia Adelmo watu wamwombee ruhusa ya kutafuta mvivu. Mara mbili jibu lilikuwa hapana.

“Nenda mwenyewe,” Dona Crispina anamwambia binti yake mchana huo, akivuta uzi kwa meno. Baraza limejaa piasava, na jikoni mahindi ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana yanachemka.

“Siendi, mama.”

“Mimi fundo langu halifunguki. Linangoja mkasi.”

“Hilo ndilo tatizo, mama. Halifunguki.”

“Usinilaumu kwa kazi nzuri.” Bibi anatema kipande cha uzi. “Ulisema nifunge asiende. Nikafunga asiende. Sasa nenda ukamfungue. Au mwache anyongwe kwa ajili ya kiburi chako, halafu uje hapa unililie, nami sitakuwa na nafasi, nina mafagio ya watu.”

 Nivalda anaingia ndani, na anasikika akifungua na kufunga kabati bila sababu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, anasimama mbele ya geti la ng’ambo. Amevaa blauzi safi na viatu vya kupandia, mchanganyiko ambao haukukusudiwa. Adelmo, mrefu, mwenye masharubu ya mvi, anatoka kwenye kibanda cha kuanikia kakao akijifuta mikono.

“Shemeji! Leo jua limetokea wapi?”

“Limetokea ulikoacha adabu. Hujambo?”

“Sijambo. Miaka kumi na minne hujakanyaga hapa.”

“Na leo sijakanyaga. Niko nje ya geti.”

Adelmo anacheka puani. Anatafuta cha kusema, anachagua kibaya. “Lito aliulizia habari zako Pasaka.”

“Sikuja kwa habari za Lito. Nimekuja kwa mvivu.”

Cheko linakauka. Anasema alichosema mara mbili zilizopita: akiruhusu watu wa wanyama waingie, kesho watakuja watu wa serikali kuhesabu miti, keshokutwa atakatazwa hata kukata kuni.

“Shemeji, kibali changu ni cha kugusa wanyama. Cha kuhesabu miti yako sina, na hesabu zenyewe unajua shule niliishia wapi.” Anashika nondo za geti. “Zimebaki siku kumi. Baada ya hapo hata nikimwona sina ruhusa ya kumgusa. Sijawahi kukuomba kitu. Sikukuomba hata ukweli. Naomba hiki.”

 Adelmo anaangalia viatu vyake.

“Huyo wako,” anasema hatimaye, kwa sauti ya chini, “ana kitu shingoni?”

Nivalda anaachia nondo. “Umemwona?”

“Kumwona! Nimemvusha njia mara mbili kwa mikono hii, mbwa wasimle. Mara ya pili kidole kikagusa lile dude. Nikatoa mkono kama nimeshika jiko. Mimi nilijua ni la serikali. Nilijua linasema.”

“Linasema nini?”

“Alipo! Na alipo ni kwangu!”

“Adelmo, betri ilikufa miaka miwili iliyopita.”

“Halisemi?”

“Halisemi neno.”

Mwanamume huyo anavua kofia, anaivaa tena. “Mama yangu,” anasema. “Na mimi chini ya mti ule napita kwa kunyata. Simu nazima. Nikitaka kumsema mwenye shamba nasogea mpaka mtoni.”

Nivalda anacheka mpaka anashika tumbo, anacheka mpaka machozi yanatoka, na yakishatoka hayakomi, ingawa cheko limekwisha. Shemeji anafungua geti. Wala hapakuwa na kufuli. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha waya.

Mfenesi uko karibu na kisima cha zamani, mkubwa, umebeba mafenesi mpaka kwenye shina. Adelmo ananyoosha kidole palipo na matawi matatu, kisha anaongeza, kama mtu anayetoa siri ya familia, kwamba ana mtoto.

Kanuni ya Dokta Heloísa ni kwamba mpandaji hapandi peke yake. Kwa hiyo Adelmo anashika kamba ya usalama, ameizungusha kiunoni mara mbili kuliko inavyotakiwa. Nivalda anapanda. Safari hii hapandi upesi. Anasimama kila tawi. Mtu wa chini anaweza kudhani ni goti, lakini goti si kitu. Amekwenda mara thelathini na tano na kurudi mikono mitupu, na mara hii anaogopa kufika.

Kule juu jike anamwona na hakimbii, hana kawaida hiyo. Kifuani amekumbatiwa na kitoto kisichozidi ukubwa wa papai. Nivalda anakaa nyuma yao, anapumua, anapeleka mkono chini ya manyoya meusi.

 Paji la uso analiegemeza kwenye shina la mti.

“Shemeji?” Adelmo anaita. “Vipi?”

“Ni yeye.”

Siku ya kumfunga, vidole viwili vilipita kati ya mkanda na shingo, ndivyo inavyotakiwa. Sasa hata ncha ya kidole cha mwisho haipiti. Mbele, chini ya koo, yuko mtoto. Mahali pekee pa kukatia ni kisogoni, kwenye fundo. Nivalda anatoa mkasi wa zahanati wenye ncha butu, ule wa kukatia bandeji. Piasava inaukataa. Mkasi unateleza, unauma, unateleza tena.

Dakika ishirini na tano kwa nyuzi tatu. Muda wote huo anaongea, na maneno yanashuka vipande vipande pamoja na maji ya mvua ya jana.

“Taratibu, mama. Ni mimi. Ni yule mjinga wako. Umekuwa mkubwa, eh? Umepata mtoto hata kuniambia huniambii. Tulia. Uzi wa pili huo. Nilikutafuta, haki ya Mungu nilikutafuta. Tulia kidogo tu.”

Uzi wa tatu unakatika kwa sauti ndogo kavu, inayosikika mpaka chini.

 Namba Tisa ananyoosha shingo, mara moja, mbele, kwa kadiri inavyokwenda. Anashika tawi la juu, anavuta mwili, anapanda nusu mita na kuanza kula. Hivyo tu ndivyo alivyoaga.

Nivalda akifika chini anakaa kwenye mizizi na kulia kwa sauti, bila kuficha uso. Adelmo anakunja kamba, anaikunjua, anaikunja upya. Ukiuliza alikuwa analilia nini, anasema alilia kwa furaha mwanzoni. Baadaye ikawa kitu kingine.

“Nilipokuwa namtafuta alikuwa wangu,” anasema. “Ile pete ya ngozi ilikuwa mbaya, naijua ubaya wake, lakini ilikuwa kamba na mimi nilishika ncha ya pili. Nimeikata mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mkono unasikia utupu.”

Picha alizopiga Nivalda kule juu kabla ya kushuka zinaonyesha duara la ngozi tupu shingoni, upana wa kidole kimoja, na upande wa kushoto kovu nene lililopona lenyewe. Hakuna kidonda kibichi. Dokta Heloísa alizitazama kwa simu akiwa kwenye korido ya chuo, akapiga hapo hapo.  Kisha dokta akasema, “Basi, rafiki yangu. Kazi imekwisha,” na Nivalda akasema ndiyo, imekwisha.

Nyumbani, Dona Crispina aliuomba mkanda auone. Aliupeleka mlangoni penye mwanga na kuvuta fundo kwa kucha.

“Miaka minne ya mvua,” alisema, amejaa fahari. “Mnaona? Tazameni wenyewe.” Halafu akaona manyoya yaliyokuwa yamenaswa ndani ya fundo. Aliyachomoa moja moja, akayaweka kwenye kiganja, akaingia ndani. Siku hiyo hakufunga fagio.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya Juni. Majivu ya mioto ya sikukuu bado yako mbele ya nyumba, na Nivalda anapanga mafagio kwenye toroli kwenda gulioni. Kuanzia wiki ijayo kibali hakina kazi. Hataruhusiwa kumgusa mvivu yeyote, na hakuna mradi mwingine unaokuja. Vijana wa vikapu wanapita, na wa juzi yule yule anamuuliza, mara hii kwa upole, kama ni kweli alimpata. Anamwambia ni kweli. Kijana anasimama kidogo, kisha anamsaidia kufunga toroli.

Adelmo ametuma ujumbe kwamba Jumapili geti liko wazi.

“Nitakwenda,” anasema Nivalda. “Kumwangalia tu, nikiwa chini. Sasa hivi namjua kwa ile pete ya shingoni, akigeuka naiona. Manyoya yataota. Dokta anasema mwaka, labda mwaka na nusu, yatafunika lile kovu, na hapo atakuwa mvivu kama wavivu wengine. Hata mimi sitamjua. Nitasimama chini ya mfenesi na sitajua kama ni yeye.”

Anakaza kamba ya toroli, anaijaribu kwa mkono kama imeshika.

“Naomba siku hiyo ifike,” anasema. “Ila isifike upesi.”